Majani Kwenye Geti la Gichuki

Ng'ombe alianza na mkono wa gauni. Alipoona hakuna anayemkataza, akaendelea na kola.

Ilikuwa siku ya maonyesho ya kilimo mjini Kitale, mwaka wa 1989, na uwanja ulikuwa umejaa hivi kwamba mtu akiinama kufunga kamba ya kiatu anasukumwa na wa nyuma yake. Vipaza sauti vilikuwa vinabishana. Harufu ya mahindi ya kuchoma ilichanganyika na ya mavi ya ng'ombe na ya rangi mbichi ya vibanda. Kwenye kibanda cha mafundi wa nguo, Gathoni alikuwa amegeuka kumwonyesha mama mmoja jinsi ya kupima kiuno. Alipogeuka tena, gauni alilolishona kwa ajili ya maonyesho, la samawati lenye maua meupe, lilikuwa nusu mdomoni mwa mtamba mwekundu.

"Mwenye ng'ombe ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi," alijibu kijana mmoja bila kugeuka. Alikuwa ameshika kamba huku macho yake yako kwa kwaya ya shule iliyokuwa ikiimba upande wa pili.

"Basi mwambie hilo gauni halijaiva."

Kijana akageuka, akaona, akavuta. Kitambaa kikachanika. Akabaki ameshika mkono wa gauni uliolowa mate, hajui auweke wapi. Alikuwa mrefu na mwembamba, na suruali yake ya kijivu ilikuwa imepigwa pasi vizuri sana na mtu aliyempenda.

"Pole, dada. Pole sana. Huyu hajawahi kula nguo. Ni ng'ombe mpole."

"Mpole, na amemaliza kola?"

"Ameona maua akadhani ni ya kweli. Si hiyo ni sifa ya fundi?"

Gathoni alitaka kukasirika lakini kicheko kilimtangulia. Agneta, mwenye duka la ushonaji ambaye ndiye aliyekuwa akimfundisha kazi, alicheka mpaka akashika meza. Agneta alikuwa mama wa Kibukusu kutoka Sirisia, mnene, mwenye tepu ya kupimia shingoni hata siku ya Jumapili.

"Mayi," alimwambia Gathoni, kama alivyozoea kuwaita wasichana wake, "huyu kijana ulimi wake ni mrefu kuliko wa ng'ombe. Mchunge."

Jina lake lilikuwa Kimaiyo. Nyumbani kwao ni upande wa Cheptais, mlimani, na alikuwa anangoja kuingia chuo cha ualimu huko Bungoma. Juma lililofuata alikuja dukani kwa Agneta na chupa ya asali ya mlimani iliyofungwa kwa gunzi la mahindi. Alisema ni ya kulipia gauni. Alisema pia kwamba ng'ombe anaomba msamaha, na kwamba ameahidi kurudi kwenye nyasi.

Mapenzi yao yalikua hivyo, kwa utani. Kimaiyo alipoanza chuo, walikubaliana siku ya Jumatano. Kila Jumatano mchana alitoka darasani akaenda kwenye kibanda cha simu cha posta ya Bungoma, akapiga simu katika duka la dawa lililopakana na duka la Agneta. Mwenye duka la dawa, Bwana Kibiwott, alikuwa mzee mkavu wa maneno, lakini aligonga ukuta kila Jumatano bila kuchoka, kisha akatoka nje kusimama mlangoni ili msichana aongee bila haya.

"Sasa, fundi."

"Sasa, mwalimu. Leo umefundisha nani?"

"Nimefundishwa. Ati mtoto akikosea usimchape, umuulize kwanza."

"Na mtamba, anasemaje?"

"Anakusalimia. Anauliza kama umeshona lingine."

"Mwambie lingine liko, lakini nalivaa mimi mwenyewe, ajaribu aone."

"Ningelala usingizi mzuri kama ningeliona."

"Kimaiyo, Bwana Kibiwott anasikia."

"Hasikii. Amesimama mlangoni. Namjua."

Gathoni alitaka duka lake mwenyewe, lenye kioo kirefu ambacho mteja anajiona kutoka kichwani mpaka viatuni. Kimaiyo alitaka kufundisha katika shule ya mlimani alikosomea, ambako watoto walikuwa bado wanakalia mawe. Mambo haya waliambiana kwa simu na kwa Jumamosi chache walizoonana Kitale. Hawakuwaambia wazazi wao lolote. Baba yake Gathoni, Mzee Gichuki, alikuja Trans-Nzoia akiwa kijana kutoka upande wa Nyeri, na shamba lake lilikuwa kwenye njia ya kupanda mlimani, chini kidogo ya mlima. Alikuwa mtu wa haki, lakini aliposema "watu wa mlimani" alishusha sauti, kama mtu anayetaja ugonjwa. Na mama yake Kimaiyo, Jerono, alipotaja watu wa mashamba ya chini, alifanya vivyo hivyo. Vijana hawa wawili walizijua hizo sauti, wakanyamaza.

Mwaka wa pili Gathoni alimfumia sweta ya kahawia yenye mistari miwili ya kijani kwenye kila mkono. Hakuna sweta nyingine kama hiyo Kitale wala Bungoma. Aliitoa akilini mwake mwenyewe.

Kisha ukaja mwisho wa mwaka wa 1991, na maneno yakaanza.

Hakuna aliyejua yalitoka wapi. Sokoni, watu waliokuwa wakipimiana maharagwe miaka mingi waliacha kusalimiana. Mtu akipita na panga, jambo la kila siku, watu walimfuata kwa macho mpaka apotee. Kulisemwa kuna mashamba yatakayotembelewa. Hilo ndilo neno lililotumika, kutembelewa, na ndilo lililowatisha watu zaidi. Kila jamii ilikuwa na hadithi yake kuhusu ile nyingine, na kila upande kulikuwa na akina mama waliolaza watoto na viatu miguuni.

Kimaiyo alikuwa nyumbani kwa likizo ya Krismasi. Siku moja akiwa kwenye kisiagi na debe la mahindi, alisikia vijana wa rika lake wakinong'ona nyuma ya ukuta. Walitaja njia inayopita kwa Gichuki. Walitaja kesho. Debe liliteleza mkononi mwake na mahindi yakamwagika, nao wakanyamaza.

Alikimbia mpaka kwenye simu ya Cheptais. Iliita na kuita. Bwana Kibiwott alikuwa amefunga duka kwenda kwao kwa sikukuu.

Sasa, watu wa mlimani wana mmea unaotambaa wanaouita sinendet. Huvishwa vijana wanapotoka jandoni, huvishwa maarusi, na husokotwa mlangoni pa boma ambalo lina baraka. Kimaiyo alilelewa akiamini kwamba mwanamume wa kwao hawezi kupita majani hayo akiwa na silaha mkononi. Asubuhi na mapema, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mahindi, alishuka kwa miguu akiwa na kamba ndefu ya sinendet begani. Alikusudia kuyasokota majani hayo kwenye geti la Gichuki, kisha abishe hodi, ajitambulishe na kuwaambia yote.

Alisokota majani. Hodi hakubisha.

Mbwa alibweka. Mlango ukafunguka, na Mzee Gichuki akatoka na panga, akiwa amevaa koti juu ya nguo za kulalia. "Ni nani hapo?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa hajalala kwa siku nyingi. Kimaiyo alifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Aliliona panga. Alijiona jinsi anavyoonekana, kijana wa mlimani kwenye geti la mtu, alfajiri, siku kama ile. Akakimbia.

Gathoni alikuwa dirishani. Aliona mgongo wa mtu ukipotea kwenye ukungu, na mikono miwili ya kahawia yenye mistari ya kijani.

Mama yake, Kabura, ndiye aliyeona majani. Aliita majirani. Mzee Mathenge, ambaye nyumba yake ilitazamana na yao, alikuja akayaangalia bila kuyagusa.

"Hii ni alama," alisema. "Wanaweka alama mahali pa kuanzia."

"Umesikia wapi?" Gichuki aliuliza.

"Kila mtu anasema. Mbona wewe uliwekewa na sisi hatukuwekewa? Wataanza kwako, halafu watuendee."

"Umemwona aliyeweka?" Kabura alimuuliza binti yake. "Ulikuwa dirishani."

"Sikuona vizuri," Gathoni alisema.

Kabla jua halijapanda sana walisikia trekta. Ilikuwa ya shamba kubwa la jirani, na dereva wake, Walubengo, alikuwa ameichukua bila kumwomba mtu ruhusa. Alikuwa amefunga trela nyuma.

"Pandeni," alisema. "Wacheni vitanda. Wacheni kila kitu. Mama, huyo kuku mwache. Haya, basi mlete."

Walipofika kwenye kilima, waliuona moshi wa kwanza nyuma yao. Hakuna aliyelia. Mama mmoja alikuwa ameshika sufuria tupu, ameikumbatia kama mtoto. Gathoni alitazama moshi ule na kujiuliza kama mikono aliyoipima kwa tepu yake mwenyewe ndiyo iliyowasha kiberiti.

Kanisa la Kitale lilikuwa limejaa, kwa hiyo lori ya kanisa iliwapeleka Bungoma, kwenye uwanja wa kanisa lingine karibu na mji. Huko walipewa mahema ya turubai. Watu wa Bungoma wasiowajua walileta unga, mboga na blanketi. Mzee mmoja alikuja na kiti kimoja, akasema ndicho alichonacho, anayechoka akikalie. Lakini hofu ilikuwa imekuja nao. Sufuria ikianguka, uwanja mzima ulisimama. Watoto walicheza karibu na miguu ya mama zao, na mvulana akirusha jiwe alichapwa kisha akakumbatiwa.

Hofu ya Gathoni ilikuwa na nyongeza. Chuo cha Kimaiyo kilikuwa katika mji uleule. Likizo ilipokwisha, alijua kwamba mtu huyo yuko pale, ng'ambo ya soko, na kila alipoona mtu mrefu mwembamba barabarani, aligeuza njia. Aliogopa kumwona. Aliogopa pia kwamba hatamwona tena.

Siku moja Agneta alishuka kutoka Kitale na mzigo kichwani. Alipoufungua, ilikuwa cherehani ya mkono kutoka dukani kwake.

"Mama, hii ni yako ya kazi," Gathoni alisema.

"Mimi nina nyingine. Hapa watu wote wamechanika nguo. Shona, mayi. Mikono ikikaa bure kichwa kinakula mtu." Kisha akasogea karibu. "Yule wako anapiga simu. Kila Jumatano. Bwana Kibiwott anasema sasa ameanza kuota mlio wa simu. Nimemwambia sijui mliko. Nimedanganya vizuri?"

"Umefanya vizuri."

"Amekukosea nini?"

Gathoni alizungusha gurudumu la cherehani. "Usiniulize, mama."

Agneta alikaa naye mpaka jioni, akakata vitambaa huku akimsimulia habari za wateja, na hakuuliza.

Walubengo naye alikuja baada ya siku kadhaa. Alikuwa amekwenda kule kuangalia. Watu walimzunguka.

"Sitawaficha," alisema. "Zote zimechomeka. Ya Mathenge imebaki kuta. Ghala la kanisa limeisha. Ni moja tu imesimama." Akamtazama Gichuki kwa furaha, maana alidhani analeta habari njema. "Ni yako, mzee. Hata dirisha moja halijavunjwa. Hata kuku walio–" Akaishia hapo, kwa sababu hakuna aliyekuwa akitabasamu.

Tangu siku hiyo wanaume waliacha kukaa na Gichuki. Wanawake waliondoa sufuria zao kwenye jiko la Kabura, mmoja baada ya mwingine, bila maneno. Kisha maneno yakaja. Gichuki alijua. Gichuki alikuwa na makubaliano nao. Yale majani yalikuwa yake mwenyewe. Jioni moja Mathenge alikuja na wanaume wengine, akasimama mbele ya hema.

"Gichuki, tumelima mpaka mmoja tangu watoto wako hawajazaliwa," alisema. "Tueleze kwa nini nyumba yako iko."

"Sijui, Mathenge. Ningejua ningesema."

"Basi usilale hapa baada ya Jumapili. Hawa vijana wamekasirika. Mimi siwezi kuwazuia."

Gichuki aliingia ndani akakaa chini. Gathoni hakuwahi kumwona baba yake akikaa hivyo, mikono katikati ya magoti, kama mgeni asiyejua atakaribishwa au la. Na hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Nyumbani hakukufikika, na Kitale kulijaa.

Gathoni alimfuata mama yake kisimani.

"Mama, aliyeweka majani nilimwona."

Kabura aliweka ndoo chini. "Unamjua?"

"Namjua."

"Unamjua kiasi gani?"

"Nilimfumia sweta."

Ndoo iliinama, maji yakamwagika, na Kabura hakuyaangalia. Mama mwingine angempiga. Yeye alimtengeneza mtoto wake kitambaa cha kichwa kilichokuwa kimelegea.

"Nenda ukamuulize," alisema. "Kama ni adui, tujue. Kama si adui, baba yako asife kwa kosa lisilo lake. Unaogopa?"

"Sana."

"Hata mimi. Nenda hivyo hivyo."

Ilikuwa Jumatano. Gathoni alivaa gauni la bluu alilolishona kutokana na mabaki ya pazia, akavuka soko la Bungoma, akapita wauza omena na mafundi wa baiskeli, akafika posta. Kimaiyo alikuwa ndani ya kibanda, amempa mgongo. Alikuwa amekonda. Sweta ilikuwa ileile.

"Bwana Kibiwott, tafadhali usikate," alikuwa anasema kwenye simu. "Najua nakusumbua. Sitaki kuongea naye kama hataki. Niambie tu kama yuko hai. Basi. Ukisikia yuko hai, nitaacha kupiga."

Gathoni alisimama nyuma yake.

"Niko hapa," alisema.

Kimaiyo aligeuka. Mkono wa simu ulimponyoka ukaning'inia kwenye waya wake, na sauti ya Bwana Kibiwott ikasikika ikisema haloo, haloo, kisha ikasema, "Haya, basi," na ikakata.

"Gathoni."

"Usinishike. Nijibu kwanza. Uliweka nini kwenye geti letu?"

Alimweleza. Alieleza kisiagi, simu iliyoita bure, sinendet na maana yake. Aliongea upesi, kama mtu anayeogopa atafungiwa mlango.

"Na mbona hukusema? Baba aliuliza ni nani. Ungesema jina tu."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Panga. Baba yako. Mimi mwenyewe. Nilifungua mdomo, Gathoni, nakuapia. Haikutoka."

Gathoni alimtazama. Alitaka kumpiga na alitaka kulia kifuani mwake, na hakufanya lolote kati ya hayo. "Mimi niliulizwa kama nilimwona mtu," alisema polepole. "Nikasema sikuona vizuri. Hata yangu haikutoka."

Walisimama hapo. Mtu mmoja aliyetaka kupiga simu aliwaangalia, akaamua kwenda kuzunguka kidogo.

"Baba wanamwita msaliti," Gathoni alisema. "Nyumba yetu ndiyo peke yake iliyosimama. Wanataka tuondoke Jumapili, na sijui tutafika wapi salama. Wewe ndiye unayeweza kuwaambia."

Kimaiyo alielewa. "Unataka nije pale. Kati ya wale watu."

"Ndiyo."

"Wakisikia jina langu wataniua."

"Sijui," alisema, kwa sababu hakutaka kumdanganya. "Sikulazimishi, mpenzi. Lakini mimi narudi sasa hivi kuwaambia. Nikiwa nawe au bila wewe."

Akaanza kutembea. Hakugeuka, kwa maana aliogopa akigeuka ataona barabara tupu. Alipopita wauza omena alisikia hatua nyuma yake. Alipunguza mwendo.

Waliingia uwanja wa kanisa. Gathoni alisimama mbele ya baba yake, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mimi nilimwona aliyeweka majani. Nilimjua. Nilinyamaza kwa sababu nampenda. Baba hajui chochote."

Vijana walisimama. Mmoja aliokota fimbo ya hema.

"Naitwa Kimaiyo," alisema kijana. Sauti yake ilikwama, akaanza tena. "Naitwa Kimaiyo, wa Cheptais. Majani ni yangu. Kwetu ni baraka. Niliyaweka ili watu wetu wasiguse nyumba hiyo."

Gichuki alimsogelea mpaka wakatazamana. "Ni wewe uliyekimbia?"

"Ni mimi, mzee."

"Ungesimama ukasema jina lako, ningekukata?"

"Sijui, mzee."

Gichuki alifikiri. "Hata mimi sijui," alisema. Ilionekana jibu hilo lilimuumiza.

Hapo Mathenge akaja, polepole, watu wakimpisha. Alikuwa mzee kuliko Gichuki, na shati alilovaa alikuwa ameshonewa na Gathoni juma lile.

"Kijana, wewe ulijua kuna watu wanakuja."

"Nilijua."

"Nyumba yangu inatazamana na hiyo geti. Ungegeuka tu, ungeiona. Yangu mbona hukuifunga majani? Kwa sababu mimi sina msichana wa kukupenda?"

Watu wote walimngoja Kimaiyo. Hata Gathoni alimngoja, kwa sababu swali lile lilikuwa la haki na yeye pia hakuwahi kulifikiria.

"Nilifikiria nyumba moja tu," Kimaiyo alisema mwishowe. Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyapangusa. "Ningebisha hata mlango mmoja, mngejua wote. Sikubisha. Sina neno, mzee."

Kijana mwenye fimbo alisogea. Mathenge aliinua mkono wake bila kumwangalia.

"Mwacheni aende. Amekuja hapa na miguu yake." Kisha akamgeukia Gichuki. "Gichuki, nilikukosea. Lete sufuria yako karibu na yangu."

Gathoni alimsindikiza Kimaiyo mpaka mwisho wa ua wa kanisa.

"Utarudi kwangu?" aliuliza Kimaiyo.

"Nakupenda. Hilo halijaondoka. Lakini nikifunga macho bado naona mgongo wako ukikimbia. Nipe muda. Na usinitafute mimi kwanza. Mtafute yule mzee."

Watu walirudi mashambani polepole, si wote, na si kwa siku moja. Likizo iliyofuata, Mathenge akiwa anachimba mashimo ya nguzo peke yake, kijana mrefu alitokea barabarani na nguzo ya mwerezi begani. Aliiweka chini akaamkia. Mathenge aliendelea kuchimba. Kimaiyo akarudi alikotoka, na kesho yake akaleta nyingine. Mlimani walimcheka, wengine walimtukana na kumwambia amekuwa mtumwa wa watu wa chini. Njiani aliogopa kila kichaka. Mama yake alimkataza kwenda, akalia, kisha akaanza kumfungia viazi vya njiani.

Gathoni alimwona kutoka kwenye shamba la baba yake. Hakwenda kumsalimia. Siku moja alimsikia Mathenge akifoka: "Unashika hivyo kwani hiyo ni nyoka? Shika huku. Vuta. Si hivyo, bana." Akakaa chini katikati ya mahindi, akacheka na kulia pamoja.

Baada ya siku hiyo, alipopita na maji aliwaachia wote wawili.

"Asante, fundi," Kimaiyo alisema, akishika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Kunywa polepole. Umekuwa kama fito."

"Ningeshonewa nguo za kunifanya nionekane mnene."

"Mafundi wana kazi nyingi."

"Nitapanga foleni."

"Foleni ni ndefu," alisema, lakini alisimama hapo mpaka akamaliza maji, na aliporudi nyumbani Kabura aliuona uso wake na akajifanya anachagua maharagwe.

Mwaka wa 1994, Kimaiyo akiwa tayari anafundisha shule ya mlimani na Gathoni akiwa na chumba chake cha ushonaji Kitale, wazee wa pande zote mbili walikutana nyumbani kwa Gichuki. Jerono alishuka kutoka Cheptais na dada zake wawili. Hakuwa amewahi kukanyaga shamba la upande huo. Alivaa kitambaa chake cha kanisa cha kijani na viatu vilivyombana, na Kabura akamshika mkono, akamkalisha karibu yake, akamwambia viatu anaweza kuvua, hapa ni kwa watu tu.

Kwa desturi ya akina Gichuki, msichana huulizwa mbele ya wote. Kwa kuwa walikuwa watu wa kanisa, kibuyu kilijazwa uji wa wimbi badala ya pombe. Gathoni aliitwa katikati. Alikuwa amevaa gauni la rangi ya maziwa alilolishona mwenyewe, lenye vifungo vidogo mpaka shingoni. Mathenge ndiye aliyechaguliwa kusema kwa niaba ya upande wa msichana.

"Gathoni," alisema, "hawa watu wametoka mlimani. Wanasema wamekupenda. Ukisema tunywe uji huu, tumekuwa ndugu zao. Ukisema tusinywe, wataondoka kwa amani, hakuna atakayekuuliza. Sasa sema. Tunywe?"

Gathoni alimtazama Kimaiyo aliyekaa kwenye benchi, magoti yamebana. Hofu ilimpanda, ileile ya zamani. Aliijua. Alijua pia kwamba haitakwisha leo, wala pengine kesho, na kwamba huenda watoto wake wataulizwa siku moja wao ni wa upande gani. Akamtazama Jerono, akaona naye anaogopa. Akamtazama baba yake. Wote walikuwa wanaogopa, na wote walikuwa wamekuja.

Alipokea kibuyu. Hakukipeleka mdomoni mwake, wala kwa Kimaiyo kama ilivyotarajiwa. Alipiga magoti mbele ya Mathenge, akakishika kwa mikono miwili.

"Tunywe," alisema. "Lakini baba, wewe uanze."

Mzee alikiangalia kibuyu. Dada mmoja wa Jerono alifunga macho. Kisha Mathenge akakipokea, akanywa, akapangusa masharubu.

"Uji umepoa," alisema, akamnyooshea Jerono kibuyu. "Lakini ni mtamu. Kunywa, mama, kisha umpatie huyo kijana. Amebeba nguzo nyingi."